Jiwe Lililobebwa na Jiwe Lisilohama

Kusini-mashariki mwa Ufini, katika msitu wa Ruokolahti, kuna jiwe liitwalo Kummakivi. Urefu wake ni mita 7 hivi, uzito wake hukadiriwa kuwa tani 500, nalo limeketi juu ya mgongo wa mwamba laini, likiugusa kwa sehemu ndogo tu. Ukilitazama ubavuni utaapa kwamba halifiki kesho. Hata hivyo, kwa nguvu za mikono hulitikisi. Sheria inalilinda tangu 1962.

Wenyeji wa zamani walisema lililetwa na majitu ya msituni. Katika ngano za nchi za kaskazini, majitu huvurumisha mawe mara kwa mara, hasa yakikerwa na kengele za kanisa, na kwa bahati nzuri hayana shabaha.

Wasomi wa Ulaya hawakuwa na jibu la maana zaidi. Wengi wao waliyahesabu mawe ya namna hii kuwa masalio ya gharika ya Nuhu, mpaka mwaka 1837, Louis Agassiz alipowaambia wanasayansi wenzake mjini Neuchâtel, Uswisi, kwamba zamani barafu ilifunika maeneo makubwa mno. Kabla yake, Jean-Pierre Perraudin, mwindaji wa milima ya Alps, alikwisha kusema kwamba mawe ya bondeni kwao yaliletwa na barafu.

Barafu iliyoifunika Ufini ilifikia unene wa kilomita 2 hadi 3. Barafu nene kiasi hicho haitulii, hutiririka polepole kama uji mzito. Njiani hung'oa vipande vya miamba na kuvibeba, huku ikiusugua mwamba wa chini hadi unakuwa laini. Hali ya hewa ilipopata joto, barafu iliyeyuka na kuutua mzigo wake. Kummakivi liliteremshwa taratibu, na uzito wake ukaangukia ndani ya ile sehemu ndogo linapogusana na mwamba. Mawe mengine yasiyohesabika yalitua vibaya yakabingirika, na hayo hakuna anayefunga safari kwenda kuyatazama.

Msomaji wa Kisumu atauliza: je, Kit Mikayi, jiwe la kwao, nalo lililetwa na barafu? Hapana. Kweli Afrika Mashariki ilikuwa na barafu nyingi kuliko sasa, na mabonde ya juu ya Mlima Kenya yamechongwa nayo, lakini haikukaribia Ziwa Victoria. Kit Mikayi, lenye kimo cha mita 40 hivi, na mawe ya Mwanza yalizaliwa papo hapo. Maji yalipenya kwenye nyufa za mwamba chini ya ardhi, yakauozesha kando ya nyufa na kuziviringa pembe zake. Kisha udongo ukasombwa na mvua, mawe yakabaki yamepandana.

Wajaluo husimulia kwamba mzee Ngeso alilipenda jiwe hilo hata akawa anashinda pangoni mwake kutwa nzima, na mkewe akimpelekea chakula huko. Akiulizwa mumewe yuko wapi, mama hujibu kwamba ameenda kwa mke wake wa kwanza, na ndiyo maana ya jina lenyewe. Mimi huona simulizi hizi mbili zilitazama vizuri kuliko wasomi wa gharika: Wafini walitunga kisa cha jiwe lililosafirishwa, Wajaluo wakatunga cha jiwe la nyumbani.

Ukilitembelea jiwe lolote la aina hii, anza chini. Linganisha rangi na chembe za jiwe la juu na za mwamba uliolibeba. Zikitofautiana kabisa, huyo ni mgeni. Tafuta pia mikwaruzo iliyonyooka upande mmoja, alama ya barafu iliyopita.

Na usilisukume. Mwaka 1824 luteni Hugh Goldsmith wa jeshi la wanamaji la Uingereza na mabaharia wake waliliangusha Logan Rock kule Cornwall, jiwe lililosifika kwa kutikisika bila kuanguka. Wenyeji walighadhibika, na luteni akalazimika kulirudisha mahali pake kwa minyororo na mitambo ya kunyanyulia. Halikutikisika tena kama zamani.