Mkataba wa Uhalifu wa Mitandao: Saini Bado Si Sheria



Mama mmoja alinisubiri baada ya darsa. Mwanawe, bado yuko skuli, alizoeana mtandaoni na mtu wa nchi ya mbali, akamtumia picha za utupu wake. Sasa anatishwa: lete pesa au picha zitafika kwa jamaa zako wote. Walipokwenda kushitaki wakaambiwa mhalifu yuko nje, ni vigumu. Akaniuliza: "Sheikh, nasikia nchi zimetia saini mkataba wa mambo haya kule Vietnam. Basi atakamatwa?"

Jawabu ni kuwa bado, na wengi wetu hatuelewi kwa nini.

Mkataba aliousikia ni wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa mitandao. Baraza Kuu liliupitisha tarehe 24 Disemba 2024, ukafunguliwa kwa saini mjini Hanoi tarehe 25 Oktoba 2025. Hautaanza kufanya kazi mpaka nchi 40 ziuridhie, kisha zipite siku 90. Msiuchanganye na ule wa Budapest wa 2001, ulio wa Baraza la Ulaya japokuwa Mauritius, Senegal na Morocco nazo zimejiunga. Wala msiuchanganye na wa Malabo, wa Umoja wa Afrika. Huo wa Malabo ulipitishwa 2014, lakini ulihitaji nchi 15 kuuridhia, ukaanza kazi Juni 2023. Miaka tisa!

Mfano ulio karibu nasi ni ndoa. Kutia saini ni posa. Umeonesha nia, na si adabu kufanya la kuivunja nia hiyo, lakini mke bado si wako. Kuridhia ndiyo akdi, nayo haifungwi na waziri peke yake. Kwa Tanzania, Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 63(3)(e), imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Bunge likikubali, hati hupelekwa kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Hapo ndipo nchi inapofungika mbele ya wenzake, pamoja na masharti yoyote iliyoyaweka pale mkataba unaporuhusu.

Hata hivyo, hakimu wetu hamfungi mtu kwa mkataba. Anamfunga kwa sheria iliyotungwa nchini. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mkataba ukiridhiwa itabidi ipimwe: lipi limo, lipi halimo. Mkataba huu, kwa mfano, unataka kusambaza picha za faragha za mtu bila ridhaa yake liwe kosa, na kumrubuni mtoto mtandaoni vilevile.

Kwa sisi wa visiwani kuna hatua nyengine. Mambo ya Nje ni jambo la Muungano, kwa hivyo Zanzibar haitii saini peke yake. Lakini Katiba ya Zanzibar, kifungu cha 132, inasema sheria ya Bunge haitumiki hapa ila iwe ya mambo ya Muungano, na lazima Waziri anayehusika aipeleke mbele ya Baraza la Wawakilishi. Mwakilishi wako basi ana la kusema, nawe una la kumuuliza.

Umuulize nini? Mkataba huu haukamati matapeli tu. Unaruhusu nchi moja kuiomba nyengine ushahidi wa kielektroniki kwa kosa lolote zito, yaani ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka minne au zaidi. Ujumbe na picha zilizomo simuni mwa binti yako zinaweza kuingia humo. Allah katika Suratul Hujurat aya ya 12 ametukataza kupelelezana, na faragha ya nyumba ni amana. Mkataba unasema nchi hailazimiki kusaidia ikiona ombi limekuja kumwandama mtu kwa dini yake, kabila lake au siasa yake. Angalieni neno hilo: hailazimiki. Haikukatazwa. Kwa hivyo ni sheria yetu wenyewe itakayosema kama simu itafunguliwa kwa amri ya mahakama au kwa barua ya ofisa tu. Mimi naona iwe mahakama.

Wakati wa kuyasema haya ni kabla ya akdi. Katika Hudaybiyya, Mtume (s.a.w.) alikubaliana na Suhayl bin Amr kuwa atakayekuja kutoka Makka bila ruhusa ya walii wake arudishwe. Hati haijamalizwa kuandikwa, akatokea Abu Jandal, mtoto wa Suhayl huyohuyo, Muislamu, na minyororo miguuni. Akarudishwa, na Masahaba wakaumia sana. Ahadi ikishafungwa hutimizwa, hata ikichoma.

Ama yule mama, hakuna haja ya kungoja Hanoi. Nilimwambia mtoto asifute ujumbe hata mmoja, asilipe, ahifadhi namba na majina ya akaunti pamoja na tarehe, na warudi polisi kushitaki kwa maandishi. Sheria ya 2015 ipo, na polisi wa nchi mbalimbali husaidiana kupitia Interpol, ingawa ni polepole. Na baba yake asimpige. Mtoto aliyepigwa kwa kusema safari hii, safari ya pili atanyamaza.

Wallahu a'lam.