Je, Wajua? Protini Zinazotembea kwa Miguu

Je, wajua kwamba hivi sasa unaposoma, ndani ya seli zako kuna protini zinazotembea? Kinesini ina miguu miwili na mkia wa kushikia mzigo. Hupita juu ya mirija iitwayo maikrotubuli kama hamali kwenye ubao wa kushushia shehena: mguu mmoja unapoachia, mwingine umeshika. Kila hatua huisogeza nanomita 8 na hugharimu molekuli 1 ya ATP, nishati ya seli. Hupiga hatua kama 100 kwa sekunde, lakini ili kuvuka unene wa unywele mmoja tu ingehitaji hatua 10,000 hivi.

Je, wajua kwa nini ni 8? Maikrotubuli hujengwa kwa jozi za tubulini, alfa na beta, na kila jozi ina urefu wa nanomita 8. Njia ndiyo inayopanga hatua.

Je, wajua kwamba mirija hiyo ina mwelekeo? Kinesini nyingi huenda kwenye ncha ya kujumlisha, pembezoni mwa seli. Protini nyingine ya aina hii, dainini, huenda kwenye ncha ya kutoa, kuelekea katikati. Mara nyingi mzigo mmoja huwa umeshikwa na zote mbili.

Je, wajua kwamba kinesini tulionyeshwa na ngisi? Uzi mkuu wa neva yake unaweza kukaribia unene wa milimita 1, hivyo ni rahisi kuuchunguza. Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz waliutumia huko Woods Hole, Marekani, na mwaka 1985 wakaitangaza protini hiyo. Dainini ilikwisha kujulikana tangu miaka ya 1960 kwa kazi ya Ian Gibbons.

Je, wajua kwamba dainini ikiharibika, moyo unaweza kuwa upande wa kulia? Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Dainini ndiyo inayopepesa vinyweleo vya njia ya hewa vinavyosukuma makohozi nje. Mwaka 1976 Björn Afzelius wa Sweden alieleza kwamba watu wenye kikohozi kisichokoma, na ambao mbegu zao za kiume haziogelei, walikosa dainini katika vinyweleo hivyo na katika mikia ya mbegu hizo. Baadhi yao walikuwa na moyo kulia na ini kushoto. Sababu ni kwamba mimba ikiwa changa, vinyweleo vidogo huzunguka na kusukuma majimaji upande wa kushoto, na hapo ndipo mwili unapotofautisha kushoto na kulia. Visipozunguka, mpangilio huo huamuliwa kwa bahati tu.

Je, wajua kwamba dawa ya minyoo wanayopewa watoto shuleni hupiga mirija hii? Albendazoli hunasa tubulini ya mnyoo kwa nguvu kuliko ya binadamu. Mirija ya mnyoo haijengeki tena, naye hushindwa kufyonza sukari.

Je, wajua kwamba vinkristini, dawa inayotibu saratani ya Burkitt kwa watoto wetu, hutoka kwenye ua la Madagaska ambalo huku hupandwa kama pambo? Huzuia maikrotubuli kujengeka, na seli ya saratani hushindwa kugawanyika. Lakini neva nazo zinaitegemea mirija hiyo, ndiyo maana mgonjwa hufa ganzi vidoleni. Mzazi, mwambie daktari mapema ukiona mtoto anajikwaa au anashindwa kufunga vifungo vya shati.

Je, wajua kwamba kirusi cha kichaa cha mbwa hakina miguu? Kikiingia kwenye neva palipoumwa, hubebwa na dainini kwenye maikrotubuli zetu wenyewe hadi uti wa mgongo, kisha ubongo. Kwa kawaida dalili huanza baada ya miezi 2 au 3, ingawa zinaweza kuanza mapema zaidi, hata ndani ya wiki 1. Muda huo ndio nafasi yetu, kwa sababu dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufariki. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.