Nyumba ikiezuliwa, dai la bima huanza siku ileile

Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe iliyoambatana na upepo mkali ilikipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walifariki dunia na mamia ya nyumba yaliharibika. Serikali na wasamaria wema walipeleka misaada. Hata hivyo, msaada si fidia. Msaada hutegemea uwezo wa mtoaji, wakati fidia hutegemea mkataba.

Kwa mfanyabiashara wa Kahama, Katoro au Geita, nyumba si makazi tu. Mara nyingi ndiyo dhamana ya mkopo benki, vyumba vya uani hupangishwa na mbele kuna duka. Paa likiondoka, mtaji na kipato huondoka pamoja.

Tangu 1967 hadi Sheria ya Bima ya 1996 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi, Shirika la Bima la Taifa (NIC) lilihodhi biashara hiyo Tanzania Bara. Hivi sasa kampuni ni nyingi, na zinasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Ushindani umempa mteja nafasi ya kuchagua, lakini kanuni ni ileile: kampuni hulipa kilichoandikwa kwenye hati.

Hatua za kudai

Kwanza, mwenye nyumba aiarifu kampuni, wakala au dalali wake mara moja, na ahakikishe taarifa hiyo ipo kwa maandishi. Hati nyingi huweka muda maalum, na kuchelewa ni sababu rahisi ya kukataliwa.

Pili, azuie hasara isiongezeke. Afunike sehemu iliyo wazi kwa turubai na kuhamisha vyombo, lakini asijenge upya wala kutupa mabati yaliyopinda kabla mtathmini wa hasara hajafika. Apige picha kila upande na atunze stakabadhi za gharama hizo za dharura.

Tatu, apate taarifa rasmi: ya polisi kwa wizi, ya polisi na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa moto. Kwa upepo au mvua, barua ya ofisi ya mtaa au kijiji husaidia.

Nne, ajaze fomu ya madai na kuambatisha hati ya bima, risiti ya ada, uthibitisho wa umiliki na makadirio ya fundi. Kutia chumvi kwenye orodha ya mali kunaweza kuangusha dai zima.

Mahali fedha zinapopotea

Hasara kubwa hutokana na kukata bima ya thamani ndogo ili kupunguza ada. Tuseme nyumba ambayo kuijenga upya ni sh. milioni 60 imekatiwa bima ya sh. milioni 30. Upepo umeharibu paa la sh. milioni 12. Kwa kuwa bima ni nusu ya thamani, kampuni hulipa nusu ya hasara, yaani sh. milioni 6. Kama mkataba unamtaka mwenye mali abebe asilimia 10 ya dai, hukatwa sh. 600,000 na kubaki sh. milioni 5.4. Zaidi ya nusu ya paa atalilipia mwenyewe.

Matumizi ya nyumba nayo ni mtego. Bima ya makazi kwa kawaida haihusu bidhaa za dukani. Anayehifadhi petroli ya kuuza au kupangisha vyumba bila kuiarifu kampuni amebadili hatari iliyokatiwa bima. Vilevile, hati nyingi hupunguza kinga nyumba ikikaa tupu kwa muda, mara nyingi siku 30, jambo linalowagusa wanaohama kufuata machimbo mapya.

Nyufa zinazojitokeza polepole kwa kawaida hazilipwi, kwani bima hutaka tukio la ghafla. Anayeamini zimetokana na ulipuaji wa miamba mgodini dai lake humhusu mwenye mgodi, na picha za ukuta kabla ya nyufa ndizo ushahidi wake. Kuhusu tetemeko, kama lile la Kagera la Septemba 10, 2016, msomaji ahakikishe limetajwa kwenye hati.

Kabla ya kutia saini

Nyumba ikiwa dhamana, benki huweza kulipwa kwanza. Zaidi ya hayo, hati ya kukubali malipo kwa kawaida hufunga dai moja kwa moja, hivyo isitiwe saini kabla hesabu haijaeleweka. Asiyeridhika aandike kwa kampuni, kisha TIRA, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Bei za saruji, nondo na mabati hubadilika. Kiasi kilichotosha wakati wa kujenga huenda leo kisiezeke hata paa. Hati itolewe kabatini na isomwe kabla ya masika.