Laini ya mpakani iwe na jina lako

MWEZI Januari mwaka 2020 nilipoteza shilingi 180,000 za Tanzania bila kuibiwa. Zilikuwa za walimu wenzangu wa Mabanda, kusini mwa Burundi, walionichangia ninunue vitabu vya Kiswahili mjini Kigoma.

Pesa zilikuwa kwenye laini niliyoachiwa na rafiki yangu wa Kasulu, siku za kuondoka kambi ya Mtabila iliyofungwa mwishoni mwa 2012. Laini ilikuwa na jina lake. Tanzania ilipoanza kufunga laini zisizohakikiwa kwa alama za vidole, yeye alikwishahama. Wakala akaniambia mwenye jina ndiye mwenye pesa. Deni lile nililipa kwa mshahara wangu kwa miezi mitatu.

Ndugu msomaji, sisi tuliorejea na ninyi mnaovuka Mugina kwenda Manyovu, simu kwetu ni jembe. Jembe huchaguliwa kwa shamba, si kwa rangi ya mpini.

Kwanza, nunua simu ya laini mbili, moja ya huku na moja ya ng'ambo, zote zisajiliwe kwa jina lako. Ukienda kwa wakala wa Tanzania, beba pasipoti. Usitazame kifurushi rahisi tu. Uliza wateja wako wanatumia mtandao gani na mnara wake unafika wapi.

Pili, angalia betri. Penye mtandao dhaifu simu huhangaika kutafuta mnara na chaji huisha upesi. Kwa kazi ya kutwa nzima, betri ya mAh 5,000 inafaa kuliko kamera nzuri.

Tatu, kabla ya kulipa bonyeza *#06#. Namba ya tarakimu 15 itakayotokea ilingane na ile ya kwenye boksi. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Zisipolingana, rudisha simu. Juni 2016 Tanzania ilizizima simu bandia, na walioumia ni wanunuzi.

Nne, hesabu siku zako. Kifurushi cha mwezi ni hasara ikiwa unavuka mara mbili tu kwa mwezi. Cha siku au cha wiki kinatosha. Tena, huku milimani simu huweza kunasa mnara wa nchi ya pili na kumeza salio ungali nyumbani. Ingia kwenye mipangilio, zima data ya nje ya nchi, kisha uchague mtandao mwenyewe.

Mwaka huu walimu wenzangu wamenituma tena vitabu. Kabla ya kunikabidhi pesa, mmoja aliuliza, "Mwalimu, laini hii ni ya nani?" Sikuona vibaya. Nilifungua simu nikamwonyesha jina langu, ndipo akahesabu noti.