Mara ya kwanza kupanda treni ya umeme? Anza kujiandaa ukiwa bado nyumbani

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria, hakuna wiki inayopita bila kupata swali lake hapa studio. Wengine mnauliza nauli, wengine mnauliza kama kuku anaruhusiwa, na wapo akina mama wanaouliza kwa sauti ya chini kama ni kweli treni ikienda kasi inaumiza tumbo la mjamzito. Hewani muda ni mfupi, kwa hiyo tumeona tuwaandikie, usome taratibu kwenye simu yako na umsomee jirani asiye na simu kubwa.

Tunaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe. Mwenzetu mmoja wa hapa studio alimkatia mama yake mzazi tiketi ya kwenda kliniki ya macho mjini. Tiketi iliandikwa 10:40. Akampigia mama simu: "Mama, treni ni saa kumi na dakika arobaini." Mama ni mtu makini. Alifika stesheni saa nane mchana, mkoba mkononi, akijua amewahi kwa zaidi ya saa mbili na nusu. Treni ilikuwa imeondoka saa nne na dakika arobaini asubuhi. Tarehe ile ya kliniki alikuwa ameisubiri miezi miwili, na ikabidi apangiwe nyingine. Nauli ilipotea, lakini mwenzetu anasema kilichomuuma zaidi ni sauti ya mama kwenye simu: "Mwanangu, si uliniambia saa kumi?"

Kosa lilikuwa letu, na ndilo lililotufundisha kwamba safari ya treni haiharibikii njiani. Huharibikia nyumbani, siku moja au mbili kabla.

Treni hii siyo basi, na siyo treni ya zamani

Ukichelewa basi, konda anaweza kukusubiri dakika kumi, au ukalikimbilia mbele ukalidaka. Treni ya zamani ya reli ya kati nayo tuliizoea: inasimama, watu wanashuka, wananunua muwa na mayai dirishani, inapiga honi, watu wanarudi ndani. Reli ile ilijengwa enzi za Wajerumani. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914.

Reli mpya, ambayo wengi tunaiita SGR, ni nyingine kabisa. Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza Juni 2024, na mwezi uliofuata zikafika Dodoma. Treni inaweza kwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Dar es Salaam hadi Dodoma ni takriban saa tatu na nusu hadi nne, kutegemea aina ya treni, wakati basi hutumia sehemu kubwa ya siku. Madirisha hayafunguliwi. Milango inafungwa kwa wakati wake, na ikifungwa imefungwa.

Stesheni zake pia siyo zile za zamani. Kwa Morogoro, stesheni ya SGR iko Kihonda, siyo pale mjini tulipopazoea. Kwa Dodoma pia, usiende kwenye stesheni ya zamani ya katikati ya mji. Ukimwambia kijana wa bodaboda "nipeleke stesheni" bila kutaja SGR, unaweza kupelekwa siko.

Tiketi: jina, kituo na malipo

Tiketi unaweza kukata dirishani stesheni au kwenye mtandao wa Shirika la Reli Tanzania, TRC. Ukikata kwa mtandao unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, kisha unalipa kwa pesa za kwenye simu. Hata mwenye kitochi anaweza kulipa, mradi ametumiwa namba hiyo. Lipa mapema, kwa sababu nafasi ambayo haijalipiwa haibaki yako. Na usimtumie mtu nauli kwenye namba yake binafsi kwa kuwa tu amekuambia "nitakufanyia wepesi." Kama humfahamu, huyo atakufanyia wepesi wa mfuko tu.

Jina kwenye tiketi liwe lile lililo kwenye kitambulisho chako. Hapa vijijini mtu mmoja ana majina matatu: la ubatizo au la madrasa, la ukoo, na lile la mtaani. Mjukuu aliyeko mjini anamkatia babu tiketi kwa jina la "Babu Chande", wakati kitambulisho kina jina jingine kabisa. Kabla ya kukata, soma jina kwenye kitambulisho chenyewe, herufi kwa herufi. Siku ya safari beba kitambulisho halisi, kama cha NIDA, cha mpiga kura, leseni ya udereva au pasipoti.

Angalia pia kituo. Kutoka Dar es Salaam, vituo vinafuatana hivi: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe, Igandu, kisha Dodoma. Treni ya kawaida ndiyo yenye kusimama vituo vidogo. Ekspresi inavipita. Wewe wa Mpwapwa unayetaka kushukia Gulwe, hakikisha tiketi yako imeandikwa Gulwe, siyo Dodoma kwa matumaini kwamba utashuka njiani. Na wewe unayekwenda kwa ndugu wa Gongo la Mboto, muulize mwenyeji kama anakupokea Pugu au Dar es Salaam yenyewe. Pugu iko karibu kilomita 20 kabla ya mwisho wa reli, na ukipitishwa utairudia njia hiyo kwa daladala.

Kuhusu nauli, viwango vilivyotangazwa na LATRA mwaka 2024 kwa treni ya kawaida kutoka Dar es Salaam vilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro, 18,000 hadi Kilosa, 25,000 hadi Gulwe na 31,000 hadi Dodoma. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu. Ekspresi ni ghali zaidi. Nauli hubadilika, kwa hiyo kiasi cha kulipa ni kile utakachokiona siku unayokata.

Saa ya tiketi siyo saa yetu

Hapa ndipo tunapoomba usome mara mbili. Saa ya tiketi inahesabiwa kuanzia usiku wa manane, kutoka 00:00 hadi 23:59. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Kugeuza, fanya hivi:

Kuanzia 00:00 hadi 06:59, ongeza sita. Kwa hiyo 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri, na 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi.

Kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa sita. Kwa hiyo 10:40 ni saa nne na dakika arobaini asubuhi, na 14:00 ni saa nane mchana.

Kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa kumi na nane. Kwa hiyo 21:00 ni saa tatu usiku.

Kuna mtego mwingine, wa tarehe. Tiketi ikisema Jumatatu saa 00:30, treni hiyo inaondoka usiku wa kuamkia Jumatatu, saa sita na nusu. Yaani unatoka nyumbani Jumapili jioni. Ukilala Jumapili ukisema "safari ni kesho", utaamka treni imeshafika inakokwenda.

Unapomwambia mzee saa ya safari, usimsomee namba za kwenye tiketi. Mwambie kwa lugha ya nyumbani: "Bibi, ni asubuhi, baada ya chai, kabla jua halijawa kali." Kisha mwombe arudie. Tangu siku ile ya kliniki, hapa studio tunafanya hivyo hata kwa wenzetu wenye saa mkononi.

Mzigo na ukaguzi

Stesheni kuna mashine ya kukagua mizigo, kama uwanja wa ndege. Kila mfuko unapita. Petroli, mafuta ya taa, mtungi wa gesi, panga na visu viache nyumbani, hata kama panga ni jipya na ni zawadi ya shemeji. Kuku, gunia la mahindi au ndoo ya samaki, uliza stesheni kabla ya siku ya safari. Mlangoni, watu wako nyuma yako na saa inakwenda, siyo mahali pa kuanza kuomba huruma. Mzigo una kikomo, na mzigo mzuri ni ule unaoweza kuubeba mwenyewe bila kumwita mtu.

Fika saa mbili kabla. Hizo saa mbili siyo za kukaa tu. Kuna foleni ya ukaguzi, kuna kuonyesha tiketi na kitambulisho, kuna kwenda chooni, kuna kutafuta jukwaa. Tiketi ina namba ya behewa na namba ya kiti. Zijue kabla treni haijaingia, na kaa kiti chako hata kama cha dirishani kiko wazi.

Tiketi iliyo kwenye simu ni nzuri, lakini simu huzima chaji. Nenda duka la stesheneri wakuchapishie karatasi. Kwa mzee anayesafiri peke yake, karatasi hiyo ni muhimu zaidi, kwa sababu msindikizaji hatamfuata hadi kwenye kiti. Nyuma yake mwandikie kwa kalamu majina mawili na namba zao za simu: aliyemsindikiza na atakayempokea. Akipotea kidogo, ataionyesha karatasi kwa mhudumu, na mhudumu atajua pa kuanzia.

Ukiwa ndani

Ndani ni baridi kwa sababu ya kiyoyozi. Beba khanga nzito au sweta, hasa kwa mtoto mchanga na mzee. Choo kipo ndani ya treni, kwa hiyo usijinyime maji kwa hofu, kama wengi wanavyofanya kwenye basi. Beba maji na chakula chepesi kisichomwagika, maana hakuna dirisha la kumwitia muuza mayai.

Kwenye milima ya Kilosa treni hupita ndani ya mahandaki. Nje panakuwa giza ghafla na simu inaweza kupoteza mtandao. Usishtuke. Kama uko na mtoto, mwambie mapema, atalisubiri giza kwa furaha.

Kwa akina mama wajawazito waliotuuliza: treni inatikisa kidogo kuliko basi, lakini ushauri wa kusafiri au kutosafiri ni wa mhudumu wa kliniki anayeijua mimba yako, siyo wetu. Muulize kabla ya kukata tiketi.

Vituo hutangazwa. Kituo cha kabla ya chako kikitajwa, vaa viatu, shika mzigo, mwamshe mtoto. Treni haikai muda mrefu kwenye vituo vidogo. Weka kengele ya simu nusu saa kabla ya saa ya kufika, maana kiti ni laini na usingizi hauna adabu.

Ukishuka je?

Swali hili watu hulisahau. Kama unashukia kituo kidogo usiku, panga usafiri wa kukupeleka nyumbani kabla hujaondoka, na kubaliana bei kwenye simu. Kama una kliniki, mahakama au usaili, usipange kufika asubuhi ileile na treni ya mwisho inayokutosha kwa dakika. Chombo chochote kinaweza kuchelewa. Fika siku moja kabla, lala kwa ndugu.

Na kwa ninyi mnaoishi kando ya reli: nyaya za juu zina umeme wa volti 25,000. Usiruke uzio kukatiza njia ya mkato, usimruhusu mtoto kupanda nguzo wala kurusha kitu juu. Pitia kwenye kivuko, hata kama ni mbali.

Sasa chukua tiketi yako, au ya mama yako, uisome tena: jina, kituo, tarehe, saa. Igeuze hiyo saa iwe yetu, kisha isome kwa sauti mbele ya mtu mwingine. Mama wa mwenzetu alisafiri tena mwezi uliofuata. Safari hiyo aliambiwa, "Mama, ni saa nne kasoro asubuhi, lakini sisi tunatoka nyumbani saa kumi na mbili." Alifika kliniki. Siku hizi macho yake yanaona vizuri, na tiketi anajisomea mwenyewe.

Safari njema, msikilizaji wetu.