Tuwaandae Watoto kwa Misa ya Sikukuu



Tarehe 3 Juni kila mwaka Wakatoliki wanaadhimisha Mashahidi wa Uganda, yaani Karoli Lwanga na wenzake. Shule ya Kanisa yenye jina la mmoja wao huiona siku hiyo kuwa siku yake kuu. Wanafunzi wanakusanyika, Misa inasomwa, nyimbo zinaimbwa.

Tumetembelea vijiji vya Ngara na Biharamulo, na tumeona jambo moja. Sikukuu ikikaribia, maneno ni ya mashati meupe, michango na nyama. Mtoto asiye na shati jeupe anabaki nyumbani. Mwingine anafika kanisani, lakini anaanguka kwa njaa katikati ya Misa. Je, hayo ndiyo maandalizi? Hebu tuelezane.

Mashahidi hao ni nani?

Ni Wakatoliki 22 waliouawa Buganda kati ya mwaka 1885 na 1887, wakati wa Kabaka Mwanga. Wengi walikuwa vijana watumishi wa ikulu. Karoli Lwanga alikuwa kiongozi wao. Aliwafundisha dini na kuwakinga na matakwa machafu ya Kabaka. Usiku wa tarehe 25 Mei 1886 kuamkia 26 alibatiza baadhi yao. Mmoja wao alikuwa Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Kisha walikamatwa, wakafungwa kamba, wakatembezwa kwa miguu kutoka Munyonyo hadi Namugongo. Tarehe 3 Juni walichomwa moto. Waanglikana nao walichomwa pamoja nao siku hiyo.

Habari hizi ziko karibu nasi. Mwaka 1892, miaka 6 tu baadaye, Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walitoka Uganda wakafungua misheni ya Kashozi, Bukoba. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu.

Mtoto na ajue habari hizi kwanza. Akiulizwa, "Kwa nini leo padre amevaa mavazi mekundu?" ajibu: "Ni rangi ya damu ya mashahidi." Mtoto asiyejua hilo amevaa vizuri tu, hajaandaliwa.

Kazi ya mwalimu na katekista

Maandalizi yaanze mapema. Watu wengi husali novena, yaani sala ya siku 9. Ikianza tarehe 25 Mei inakwisha tarehe 2 Juni. Katika siku hizo wanafunzi waliokwisha pokea Komunyo ya kwanza wapate nafasi ya kuungama. Kwaya ijifunze nyimbo zinazojulikana, ili kanisa zima liitikie. Watumishi wa altare wafanye mazoezi ya kusimama, kupiga magoti na kupeleka divai na maji. Mazoezi yafanyike baada ya vipindi. Si vizuri mtoto akose hesabu wiki mbili kwa sababu ya kwaya.

Wanafunzi wa dini nyingine wasilazimishwe. Anayependa kuja kusikiliza, akaribishwe.

Kazi ya mzazi

Hapa ndipo wewe uliyehitimu kisomo una kazi. Mwanafunzi aliyechaguliwa kusoma masomo ya Misa atapewa maneno yake mapema. Usimwache asome peke yake. Kaeni pamoja jioni. Asome kwa sauti, wewe ufuate kwa kidole. Akiruka neno, msimamishe. Akikimbia, mwambie apumzike kwenye nukta. Neno gumu mwelezeni kwa Kihangaza au Kishubi, halafu arudie kwa Kiswahili. Zamani ulisema, "Mimi sijui kusoma, muulize mwalimu." Sasa unajua.

Ukiletewa karatasi ya mchango, isome pia. Uliza fedha ni za nini, na uombe stakabadhi. Kama huna, sema mapema. Katika jumuiya ndogo ndogo watu wanaweza kusaidiana. Wenye mashati mawili waazime moja. Wakati wa kutoa vipaji, mtoto anaweza kupeleka maharage kidogo au ndizi za shambani. Hakuna sheria ya Kanisa inayosema asiye na shati jeupe asiingie kwenye Misa. Shati safi lililofuliwa linatosha, hata kama lina kiraka.

Habari ya tumbo

Wazee wetu walizoea kufunga tangu saa 6 usiku kabla ya kupokea Komunyo. Baadhi ya akina mama bado wanawatoa watoto nyumbani bila kitu. Kumbe sheria ilibadilishwa zamani. Tangu mwaka 1964 ni kufunga saa moja tu kabla ya kupokea Komunyo. Maji na dawa haviharibu mfungo. Mgonjwa hafungwi na sheria hiyo.

Tufanye hesabu. Misa ikianza saa 4 asubuhi, Komunyo itatolewa karibu saa 5. Basi mtoto anywe uji saa 12 au saa 1 kabla ya kuondoka. Kama anatembea kilomita nyingi, abebe chupa ya maji yaliyochemshwa. Mwezi wa Juni asubuhi ni baridi huku milimani, na barabara ina vumbi. Avae sweta, na wadogo watembee pamoja na wakubwa.

Neno la mwisho

Karoli Lwanga hakuwaandaa wenzake kwa nguo wala karamu. Aliwafundisha, akawa pamoja nao. Nasi tufanye hivyo. Nyama ikipatikana, ni vizuri, watoto wale na kufurahi. Isipopatikana, sikukuu bado ni sikukuu. Lakini mtoto mmoja akibaki nyumbani kwa sababu ya shati, sisi wakubwa tumekosa.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini mavazi ya padre ni mekundu siku hiyo?
2. Misa ikianza saa 3, mtoto wako anywe uji saa ngapi?
3. Katika jumuiya yenu, ni mtoto gani aliyebaki nyumbani mwaka jana? Mtamsaidiaje mwaka huu?