Unguja kwa Siku Moja: Anzia Changuu

Mkungu wa ndizi unaopakiwa kwenye lori sokoni Keumbu utasifiwa Nairobi kwa unene na utamu wake, lakini anayetaka kujua ulivyopatikana hana budi kurudi mgombani. Miji mikubwa ya pwani nayo ni hivyo hivyo: fahari huwekwa mbele, na gharama yake hufichwa mbali kidogo na macho ya mgeni. Ndiyo maana nashikilia kwamba msafiri wa kutoka Gusii aliyejaliwa siku moja tu ya kutembea Unguja, tena akiwa peke yake, asiianzie kwenye majumba ya Mji Mkongwe. Apande mashua kwanza aende Changuu, kisiwa kidogo kilicho kilomita tano na nusu hivi kutoka mjini, kisha ndipo arudi kuutazama mji. Atakuwa ameviona vilevile vinavyoonwa na kila mtalii, ila kwa mpangilio unaovifanya vieleweke.

Nchi yenyewe ni ya kigeni kwa namna ya ajabu. Tangu tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar imeungana na Tanganyika, na bado ina rais wake, Baraza lake la Wawakilishi na bendera yake. Kwa barabara, mtu wa Keumbu atapita Kisii na Migori, avuke mpaka Isebania, kisha akate Tanzania yote hadi Dar es Salaam, ambako boti ya kasi humfikisha Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Hata hivyo, lugha atakayosalimiwa nayo bandarini aliianza darasa la kwanza. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hiyo mtoto wa Gusii anayesahihishwa insha yake anapimwa kwa kipimo kilichotoka mitaa ya mji huu. Ndiyo sababu ya kwanza ya kutoiona safari hii kuwa starehe ya Wazungu peke yao.

Fahari ya Mji Mkongwe haina haja ya kutiliwa chumvi. Seyyid Said alihamishia makao yake hapa kutoka Maskati katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na mikarafuu, pembe za ndovu na watumwa vikaugeuza mji kuwa soko kuu la pwani nzima. Mwaka 1883 mwanawe, Sultani Barghash, alijenga Beit al-Ajaib, jumba la sherehe lililokuja kuwashangaza watu kwa taa za umeme na lifti. Nyumba zilizolizunguka ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikiliwa na boriti za mikoko. Vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti. UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na mgeni anayefika akiwa na picha za zamani kichwani hukumbushwa kuwa fahari nayo huhitaji matunzo.

Sasa tuvuke. Mashua za mbao zenye injini na turubai huondoka ufukweni kila asubuhi, na baada ya nusu saa au pungufu mtu anashuka kwenye kisiwa cha urefu wa mita mia nane hivi. Jina lake limetokana na samaki, changu. Watalii hukiita kisiwa cha gereza, na hapo ndipo ukweli unapohitaji kuchambuliwa. Katika miaka ya 1860 kisiwa kilitumika kuwazuilia watumwa waliohesabiwa kuwa wakaidi. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, waziri mkuu Mwingereza wa serikali ya Sultani, alikinunua na kujenga gereza, lakini gereza hilo halikupata kufunga mfungwa. Liligeuzwa kuwa karantini ya wasafiri waliokuja kwa meli, ambao walihofiwa kuleta magonjwa. Kwa hiyo jina linalotangazwa limebeba jengo ambalo halikufanya kazi liliyojengewa, na limewafunika watu waliozuiliwa kabla halijakuwapo. Mwaka 1919 wakaletwa kobe wakubwa wanne kutoka Shelisheli, zawadi ya gavana wa huko. Wazao wao na wengine walioletwa baadaye ndio wanaotembelewa leo. Mgeni huwalisha majani, na akimsugua mmoja shingoni, kobe huinyoosha polepole na kusimama wima kama anayesikiliza. Baadhi yao wameandikwa umri kwa rangi mgongoni. Waliwahi kuibwa hadi wakakaribia kwisha, na sasa wanalindwa uani. Mtumwa, msafiri aliyetiliwa shaka na kobe wa zawadi: wote waliletwa hapa kwa uamuzi wa mtu mwingine.

Mwenye picha hiyo akirudi mjini, vitu vilevile humweleza mambo mengine. Chukua milango ya Mji Mkongwe, inayopigwa picha kuliko kitu chochote. Misumari mikubwa ya shaba iliyojitokeza nje ni mtindo unaosimuliwa kuwa ulianzia India kwa ajili ya kuwazuia ndovu wa vita. Unguja haikuwa na ndovu wa namna hiyo, kwa hiyo hapa msumari ulikuwa tangazo la mali. Na mali hiyo ilitoka bara, kwa misafara iliyopitia Tabora hadi Ujiji. Kisha aende Mkunazini, penye kanisa la Kianglikana ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, kwenye uwanja wa soko la watumwa lililofungwa mwaka huo huo. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Aliyetoka Changuu hazioni kama pambo la huzuni lililopachikwa mjini. Ni upande wa pili wa ule mlango.

Wapo watakaopinga. Wa kwanza atasema siku moja haitoshi. Ni kweli haitoshi kuijua Zanzibar, ila inatosha kuianza vizuri, na anayeimalizia siku hiyo madukani huenda asijue amekosa nini. Wa pili atasema kutembea peke yako ni gharama, maana mashua hukodiwa nzima. Dawa yake ni kujiunga na kundi pale ufukweni na kugawana nauli, na kwa kuwa Kiswahili unacho, utapatana bila mkalimani. Tena aliye peke yake ana uhuru wa kukaa barazani saa nzima bila wa kumharakisha. Wa tatu ana hoja nzito zaidi: njia kuu za misafara hazikupita milima ya Gusii, basi historia hii inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu mkataba wa mwaka 1890 uliowapa Waingereza ulinzi wa Zanzibar ulikuwa sehemu ya mapatano yao na Wajerumani ya kugawana Afrika Mashariki, na mstari wa mpaka uliotokana na mapatano ya enzi hiyo ndio unaomtenga Mkisii na Mkuria wa Tarime ambao lugha zao ni ndugu. Aliyevuka Isebania akiwa na hati mkononi ameshagusa historia hiyo kabla hajaiona bahari.

Jioni siku hiyo iishie Forodhani, ambako wauza urojo na mishikaki huwasha taa zao na juisi ya muwa hukamuliwa kwa mashine ya mkono. Jua likizama, Changuu huonekana kama ufito mweusi juu ya maji. Wengi waliokaa ukutani hapo huupiga picha kwa sababu ya rangi za mawingu nyuma yake. Aliyeanzia huko asubuhi naye ataipenda ile rangi, lakini ufito wenyewe ataujua kwa jina lake la samaki.